Kalamu Mkononi, Hanzi Imetoroka

(Maneno haya niliyasema Aprili 20, Siku ya Lugha ya Kichina, mbele ya wanafunzi wa Kichina na wazazi wao, Dar es Salaam. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha. Mliokuwepo mtazikumbuka, msiokuwepo hamjapoteza kitu.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazazi mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, nanyi wadogo zangu mnaosoma Kichina: hamjambo? Dajia hao!

Kabla sijasema lolote, naomba kila anayesoma Kichina atoe karatasi na kalamu. Simu ziwekwe mezani, kioo chini. Nawe dada wa pale nyuma, nimekuona. Sasa niandikieni neno moja tu, neno la kila siku, jambo ambalo hata mtoto wa miezi mitatu analifanya bila kufundishwa: kupiga chafya. Da penti. Hanzi tatu, yaani alama tatu za maandishi ya Kichina. Ya kwanza mnaiweza, mmeifundishwa zamani. Ya pili naona mnahangaika nayo. Ya tatu... naona watu wameanza kutazama dari. (Kicheko.) Msione haya. Laza karatasi yako kifudifudi, tutairudia baadaye.

Neno hilo nimewapa kwa makusudi. Nilipokuwa nasoma Wuhan tulikuwa na mwalimu wa sarufi, mtu wa makamo, aliyekuwa ameshika chaki kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku moja yuko ubaoni anaandika sentensi ya mfano, chaki ikasimama. Akaandika nusu ya hanzi, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa simu, akabofya mara tatu nne, akatazama kioo, akairudisha simu mfukoni na kumalizia neno lake. Sisi wageni tulicheka kwa raha, maana ndiyo mara ya kwanza tulimwona Mchina kapatwa na ugonjwa wetu. Yeye hakucheka. Alitugeukia, akaandika hanzi nne kubwa: ti bi wang zi. Inua kalamu, sahau hanzi.

Wenyewe wameshaupa ugonjwa jina, mnaona?

Nawauliza: mtu aliyesoma hadi chuo kikuu anasahauje kuandika neno la lugha ya mama yake? Sisi hatuwezi kusahau kuandika "chafya". Ukiweza kuitamka, umeshaiandika nusu. Ukikosea utaandika "chafia", na tutakuelewa, na pengine mtu atakusahihisha kwa kejeli. Mchina hana pa kujishikiza hivyo. Hanzi ya tatu ya chafya, hii hapa, 嚏, ina mistari kumi na saba, na kila mstari una zamu yake na mahali pake. Ukisahau kati, umekwama. Sauti unaijua, maana unaijua, ukiiona kitabuni unaisoma bila kusita. Mkono ndio umegoma.

Wala si mwalimu wangu peke yake. Mwaka 2010 gazeti la China Youth Daily liliwahoji watu 2,072, na asilimia 83 wakakiri kwamba wanapata taabu kuandika hanzi kwa mkono. Mwaka 2013 televisheni ya taifa, CCTV, ikaanzisha mashindano ya imla. Ndiyo, imla! Watoto wa shule wanasimama mbele ya kamera, wanasomewa neno, wanaandika, na nchi nzima inatazama kama fainali ya mpira. Watu wazima waliokaa ukumbini nao walijaribiwa, na neno lililowatoa jasho lilikuwa lai hama, chura yule mwenye ngozi ya vinundu. Wengi walianguka. Na chura huyo wanamjua! Wana msemo kwamba chura anatamani nyama ya bata-maji, humpiga nao kijana anayemtupia macho binti asiye wa kimo chake. Wanausema msemo huo kutwa kucha. Waambie sasa wauandike.

Mtasema: basi, kosa ni la kompyuta. Subirini. Nitawaambia kwamba kompyuta hiyohiyo inayoshtakiwa kwa kuzifukuza hanzi mkononi ndiyo iliyozitoa hanzi kaburini. Hebu turudi nyuma kidogo.

Kamusi ya mfalme Kangxi ya mwaka 1716 ina hanzi zaidi ya 47,000. Msikimbie, wazazi; kwa kusoma gazeti, elfu tatu hivi zinatosha. Lakini elfu tatu utazipanga wapi kwenye mashine? Taipureta ya Mzungu ilikuwa na vitufe arobaini na ushee, kazi imekwisha. Taipureta ya Kichina ilikuwa na sinia zima la vipande vya chuma, zaidi ya elfu mbili, kila kipande na hanzi yake. Mpiga chapa anasogeza mkono juu ya sinia, anakitafuta kipande, anakinasa, kinagonga karatasi, kinarudi mahali pake. Kisha kingine. Mwandishi Lin Yutang alijitahidi hadi mwaka 1947, akiwa Marekani, akaonyesha taipureta yake mwenyewe yenye vitufe 72 na kidirisha kidogo cha kuchagulia hanzi. Ilitengenezwa moja tu. Ilimwachia madeni.

Kwa hiyo msishangae kwamba Wachina wasomi wenyewe walifika mahali pa kusema hanzi zitupwe. Lu Xun, mwandishi ambaye hakuna mtoto wa shule China asiyemsoma, alikuwa miongoni mwao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: dunia inakwenda kwa mashine, na mashine hazizitaki hanzi.

Sasa nisikilizeni kisa hiki, maana ndicho kilichonifanya nikubali kuja kusimama hapa. Mwaka 1968, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, zama za kuwaandama wasomi, mhandisi mmoja wa Shanghai aitwaye Zhi Bingyi alitiwa kizuizini. Kosa lake ni elimu; alikuwa amesomea Ujerumani. Chumbani hana kitabu, hana karatasi. Ukutani kuna hanzi nane za onyo: anayekiri atahurumiwa, anayekaidi atakiona. Kila siku anaamka, anaziona zilezile nane. Mwingine angerukwa na akili. Yeye alianza kuzivunjavunja kichwani: hanzi hii imejengwa kwa vipande gani? Vipande hivyo ni vingapi? Je, kila kipande nikikipa herufi moja, sitaweza kuiita hanzi yoyote kwa herufi chache tu? Alikuwa na kikombe cha chai chenye kifuniko. Akawa anaandika juu ya kifuniko, kikijaa anafuta, anaandika tena. Mwaka 1978 gazeti la Wenhui Bao la Shanghai likautangaza mfumo wake: hanzi zimeingia kwenye kompyuta.

Kifuniko cha kikombe, ndugu zangu!

Hakuwa peke yake. Kule Taiwan, mwaka 1976, Chu Bong-Foo alibuni njia yake, nayo ikaja kuitwa Cangjie. Jina hilo linahusu siku ya leo. Cangjie ndiye, katika hadithi za kale, mtu mwenye macho manne aliyetazama nyayo za ndege na wanyama akabuni maandishi. Wanasema alipomaliza, mbingu ilinyesha mtama na mapepo yakalia usiku kucha. Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa umeiweka siku ya Kichina kwenye majira haya, ambayo kalenda yao inayaita Mvua ya Nafaka. Mapepo yalilia kwa nini? Wazee wana majibu mengi. Mimi nadhani yaliona mbali, yakajua kuna siku kutakuwa na imla. (Kicheko.)

Tazameni Cangjie inavyofanya kazi. Hanzi ya "ming", mwangaza, ni jua na mwezi vimekaa pamoja: 明. Kwenye kibodi, jua liko kwenye kitufe cha A na mwezi kwenye kitufe cha B. Bofya A, bofya B, ming hiyo hapo. Mnaona kinachotokea? Umechapa, lakini kichwani umeijenga hanzi, kipande kwa kipande, karibu sawa na anayeandika kwa kalamu. Wang Yongmin akaja na Wubi mwaka 1983, kwa wazo la ukoo uleule. Wachapaji wa ofisini walikaa wiki na wiki wakikariri kipande kipi kiko kitufe gani, na waliohitimu walichapa kasi ya kutisha. Nikiulizwa mimi, zama zile kompyuta na mkono walikuwa ndugu.

Kilichowatenganisha ni pinyin.

Pinyin mnaijua, ni Kichina kwa herufi za Kirumi. Aliyeongoza kazi ya kuitengeneza ni Zhou Youguang, mtu wa uchumi na benki aliyeitwa Beijing kufanya kazi ya lugha. Iliidhinishwa mwaka 1958, naye akaishi kuiona ikiingia kwenye kila simu. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 111. Mtoto wa darasa la kwanza huanza nayo. Sasa fikiri kama muuza simu: wateja wako wote wamefundishwa pinyin shuleni bure, kwa nini umlazimishe mtu kukariri vipande? Aandike sauti, mashine imletee hanzi. Programu zikawa hodari zaidi, zikajifunza watu huandika nini baada ya nini, unabofya herufi mbili tu, sentensi nzima inajileta.

Hapo ndipo kuandika kulipogeuka kuwa kuchagua.

Narudia: kuandika kumekuwa kuchagua. Bofya "ma". Simu inakupangia foleni: mama, farasi, katani, kutukana, na wengine nyuma yao. Kazi yako ni ya askari wa gwaride la utambulisho: namtaka yule, wa pili kutoka kushoto. Jicho linafanya kazi. Mkono umepewa likizo.

Na kumtambua mtu si sawa na kumchora. Shemeji yako unamjua? Ukimwona stendi ya Ubungo katikati ya watu elfu utamwita kwa jina. Haya, chukua kalamu umchore. Pua yake ikoje? Masikio? Ndivyo Mchina wa leo alivyo na hanzi zake: wote anawajua kwa sura, kuwachora hawezi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walichapisha kazi yao kuhusu maelfu ya watoto wa shule za msingi, wakaona wale wanaotumia sana pinyin kuchapa walikuwa nyuma katika kusoma hanzi, na wanaoandika kwa mkono walikuwa mbele. Mimi si mtu wa maabara, na najua mambo mawili kwenda pamoja hakutuambii lipi lilimzaa mwenzake. Ila kila aliyewahi kukariri hanzi kwa kuiandika mara hamsini kwenye daftari la vyumba anajua kwamba mkono nao una kumbukumbu zake.

Foleni hiyo ina vituko pia. Watu wakiwa na haraka wanachagua hanzi ya kwanza inayojitokeza, sawa isiwe sawa. "Beiju" ni msiba, lakini kuna "beiju" nyingine ambayo ni vikombe na vyombo vya kunywea. Vijana wa mtandaoni wakaishikilia: maisha yangu ni vikombe! Mtu kafeli mtihani, anaandika vikombe. Kaachwa na mchumba, vikombe. Kosa la kidole limekuwa utani wa taifa.

Nipite haraka kwenye jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mnajua kuna hanzi za asili, zinazotumika Taiwan, Hong Kong na Macau, na zilizorahisishwa, ambazo China bara ilianza kuzitangaza mwaka 1956. Sababu kubwa ya kurahisisha ilikuwa mkono: mistari michache, mkulima na mtoto wajifunze upesi. Chukua "yu" ya huzuni nzito, 鬱. Kwa asili ina mistari 29. Mtu ana huzuni, na bado unampa kazi hiyo! Iliyorahisishwa, 郁, ina minane. Kwa kalamu tofauti ni kubwa. Kwa simu? Y na U kwa zote mbili, na ukibadilisha mpangilio mmoja tu simu hiyohiyo inakupa ya asili. Mashine haichoki mistari. Hoja iliyobeba mageuzi yale kwa miaka mingi imebaki bila miguu, na watu bado wanaibishania kana kwamba bado tunaandika kwa wino.

Lakini mashine nayo ina ubaguzi wake. Mwaka 1980 China iliweka orodha rasmi ya hanzi za kompyuta, jina lake GB 2312. Hanzi 6,763. Mnakumbuka Kangxi? Zaidi ya 47,000. Zilizobaki nje, kwa kompyuta, hazikuwepo duniani. Na Wachina hupenda kumpa mtoto jina lenye hanzi adimu, la kupendeza, la babu. Unakwenda kaunta na jina lako, karani anabofya, anakuambia halipo. Unalo, umeliandika kwa mkono mbele yake, lakini halipo! Wakubwa hawakusalimika. Zhu Rongji, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1998 hadi 2003: ile "rong" ya jina lake, yenye alama ya chuma, haikuwemo kwenye orodha. Watu wakawa wanaandika rong nyingine yenye alama ya moto, au wanaweka vipande viwili ubavu kwa ubavu ndani ya mabano ili msomaji aviunganishe mwenyewe. Waziri mkuu wa nchi ya watu zaidi ya bilioni! Orodha zilipanuliwa baadaye, na za leo zina makumi ya maelfu ya hanzi. Hata hivyo, kwa miaka ile, kalamu ya senti tano iliweza jambo ambalo kompyuta ya ofisi ililishindwa.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nabakiza moja, nalo ndilo nilipendalo.

Mwaka 353, siku ya masika, Wang Xizhi, bingwa wa mwandiko wa brashi, alikaa na rafiki zake kando ya kijito, mahali paitwapo Lanting, karibu na Shaoxing. Vikombe vya mvinyo vinaelea majini, kikisimama mbele yako unatunga shairi, ukishindwa unakunywa. Yeye akaandika kwa brashi utangulizi wa mashairi yale, hanzi 324. Ndani yake ile "zhi", 之, hanzi ndogo ya mistari mitatu tu, imejirudia mara ishirini hivi, na kila mara ina umbo jingine. Moja imesimama, moja inateleza, moja kama imegeuka kumtazama jirani. Wanafunzi wa brashi wanazihesabu hadi leo kwenye nakala, maana karatasi yenyewe inasemekana mfalme Taizong aliipenda hadi akazikwa nayo. Sasa bofya "zhi" mara ishirini kwenye simu. Utapata ngapi? Moja. Moja mara ishirini.

Kwa hiyo imetokea hivi: mkono ulipoondolewa kazi ya ofisi, ukapandishwa cheo. Mwaka 2009 UNESCO iliuweka mwandiko wa Kichina kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2013 wizara yao ya elimu ikatoa mwongozo wa kufundisha kalamu na brashi shuleni. Mimi, nawaambia kweli, jambo likishawekwa kwenye orodha ya urithi huwa napata wasiwasi; chapati hazipo kwenye orodha na hakuna anayezisahau. Halafu utazame mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, gaokao. Insha ni ya hanzi zisizopungua 800, na ni kwa mkono, hakuna kibodi. Lakini karatasi zinapigwa skana na msahihishaji anazisoma kwenye kioo. Basi walimu wanawasukuma watoto waandike hanzi za mraba, safi, zinazofanana, kama zimetoka kwenye printa. Mkono umebaki, ila umeajiriwa kuigiza mashine.

Wazee ndio wanaonifurahisha. Wengi hawakusoma pinyin vizuri, au wana lafudhi za kwao ambazo simu haizielewi. Wao wanaandika kwa kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari, na simu inatambua. Ukipanda basi la Wuhan utamwona bibi anamjibu mjukuu wake hivyo, kidole kinacheza kama brashi, na pembeni kijana mwenye shahada amekwama kwenye neno la chura.

Kuna mzee mmoja nilikuwa namkuta asubuhi kando ya Donghu, Ziwa la Mashariki. Ana brashi ndefu kama mti wa ufagio, kichwani sifongo, na ndoo ya maji. Anaandika sakafuni, kwa maji matupu. Akifika mstari wa nne, wa kwanza umeshaanza kukauka. Siku moja nikajipa moyo, nikamwamkia, nikamwambia, babu, naomba uniandikie chafya. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitu cha aibu. Kisha akachovya brashi, akashuka, mistari yote kumi na saba ya ile ya tatu, bila kusimama, akamalizia kwa kukita brashi chini na kupiga chafya ya uongo. Watu wakacheka. Nikawahi kuipiga picha kabla jua halijaila.

Picha hiyo ninayo simuni. Juzi usiku, nikitayarisha maneno haya, nilitaka niliandike neno lile kwa mkono kwenye karatasi yangu. Mara mbili nikafuta. Ikabidi nifungue picha.

Haya, jamani. Geuzeni karatasi, ziinueni juu. Dada wa pale nyuma, anza wewe.